Gari la mzigo likianza kugonga, usikimbilie kununua injini

Leo siongelei kupiga picha bidhaa wala kujibu wateja wanaouliza bei halafu wanapotea. Leo naongelea gari. Najua wengi wetu mzigo tunapeleka kwa bodaboda au tunatupia kwenye basi, ila wapo wenye IST, Probox, Noah au Kirikuu ya zamani, na hiyo gari ndiyo miguu ya biashara. Ikilala, na wewe umelala.

Mimi nina duka dogo Nachingwea, nauza mashuka, mapazia na vyombo. Wateja wangu karibu nusu wako Ruangwa, wananiona kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram. Jumatano na Jumamosi napakia napeleka mwenyewe. Gari ni IST ya mwaka 2003, nilichukua kwa kaka yangu, nikamlipa kidogo kidogo mpaka likawa langu.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, pesa za korosho zimeanza kuingia kwa wakulima. Wanaouza huku kwetu wanajua huo msimu. Mtu aliyekuwa anaweka "love" kwenye picha tangu mwezi wa tano ndiyo siku hiyo anakuja kununua. Nilikuwa na oda 14 za Ruangwa, na wateja wengi walishatanguliza advansi. Asubuhi nawasha gari, nasikia chakachakachaka, kama korosho kavu kwenye debe. Baada ya muda ikapungua, nikasema aah, baridi tu. Nikaondoka. Njiani, kwenye vumbi na makorongo yale, ikarudi, na safari hii haikuondoka.

Nilipofika Ruangwa fundi mmoja akasikiliza akiwa amesimama tu, hata nusu dakika haikuisha. Akasema, "Dada, hii imenoki. Tafuta injini. Andaa milioni moja na laki saba na ufundi juu."

Kwenye simu yangu kulikuwa na 1,900,000. Nisikilizeni vizuri hapo: kati ya hiyo, 640,000 ilikuwa advansi za wateja ambazo bado sijaagizia mzigo Kariakoo. Yaani ile pesa nilikuwa nayo ila si yangu. Na kwa kweli nilishika simu nikaanza kutafuta namba ya muuza injini. Nilijiambia nitaziba pengo nikishauza.

Kilichoniokoa ni mteja wangu mmoja, mama mtu mzima niliyekwenda kumpelekea mapazia. Akaniambia kabla hujatoa hela nenda kwa mzee fulani, gereji yake iko chini ya mwembe, mwambie nimekutuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?"

"Linagonga. Nimeambiwa limenoki."

"Aliyekwambia alipima nini?"

Nikanyamaza, maana hakuna alichopima.

Haya ndiyo aliyonionyesha yule mzee, na mengine nimejifunza baadaye kwa kuuliza na kusoma. Mimi si fundi. Ila ukijua haya, ukifika gereji unaongea kama mwenye gari, huongei kama mtu aliyekuja kuhukumiwa.

1. ANZA NA OILI

Hili ni bure na linachukua dakika tano. Egesha gari sehemu iliyo sawa, zima injini, subiri kidogo oili ishuke chini. Chomoa kile kijiti cha kupimia, kifute na kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na ya juu.

Changu kilitoka kikavu. Mzee akanitazama, mimi nikatazama mwembe.

"Lakini taa ya oili haijawaka," nikajitetea.

Akanifundisha kitu ambacho naomba na nyie mkishike. Kwenye magari mengi haya ya zamani, ile taa nyekundu yenye picha ya kopo haipimi oili imebaki kiasi gani. Inapima msukumo wa oili ndani ya injini. Ikiwaka, msukumo umeshashuka kabisa na injini iko kwenye hatari muda huohuo. Kwa hiyo mambo mawili: taa ikiwaka ukiwa unaendesha, kaa pembeni, zima, usijipe moyo kwamba utafika. Na kutowaka kwake si ushahidi kwamba oili ipo. Ushahidi ni kijiti.

Oili ikipungua, vyuma vya juu vinakosa kilainishi na cheni ya taimingi inalegea, maana kwenye injini kama ya kwangu kile kikaza cheni kinasukumwa na oili. Kelele inaanzia hapo. Akaongeza lita moja, kelele ikapungua. Haikuisha.

2. SIKILIZA INAGONGA LINI

Kabla hujaenda kwa fundi yeyote, chukua simu yako. Si tunarekodi video za mashuka kila siku? Rekodi na injini. Asubuhi ikiwa ya baridi, halafu ikishapata moto, halafu ukikanyaga mafuta taratibu. Andika majibu ya maswali haya:

Inagonga ukiwasha tu asubuhi kisha inapungua? Mara nyingi ni cheni ya taimingi au kikaza chake.

Ni tiktiktik nyepesi, ya haraka, inatoka juu ya injini na inaongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta? Angalia valvu, nafasi yake inaweza kuwa imeongezeka. Inapimwa na kurekebishwa, si lazima injini mpya.

Inalia wakati wa kupandisha mlima au ukiwa na mzigo mzito tu, kama punje za mahindi zinapigwa kwenye bati? Inaweza kuwa mafuta mabaya, yanawaka kwenye silinda kabla ya wakati wake. Wale tunaonunua petroli ya kwenye chupa tukikwama njiani, hili linatuhusu. Jaza mafuta ya kituo unachokiamini uone kama itaisha.

Inalia kwa chini ya gari, kama bati limelegea, na kwenye mwendo fulani tu? Hiyo huenda hata si injini. Soma namba 3.

Ni goo goo goo, nzito, inatoka chini kabisa ya injini na inazidi injini ikipata moto? Hapo ndipo pa kuogopa. Hiyo inaweza kuwa beringi za chini, zile zinazoshika mikono ya pistoni. Ndiyo hiyo mafundi wanayoita kunoki. Usiendeshe tena, vuta gari.

Ukiangalia hapo, sababu ni tano na ya kununua injini ni moja tu. Mimi niliuziwa hiyo moja bila kuulizwa swali hata moja.

3. TAFUTA MABATI YALIYOLEGEA

Gari likiwa limepoa kabisa, inama uangalie bomba la moshi. Lina vibati vya kukinga joto. Barabara zetu zinatikisa, bolti zinakula kutu, kibati kinabaki kimeshikwa na bolti moja. Kigonge na ngumi taratibu. Kikilia chekeche, umepata mmoja wa wahalifu.

Langu lilikuwa nacho. Yaani gari lilikuwa na kelele mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana ilisikika kubwa vile. Mzee akafunga klempu mbili za chuma kuzunguka bomba, akakaza. Kelele ya njiani ikaisha hapo hapo. Gharama ya klempu ilikuwa 6,000.

Angalizo: bomba likiwa la moto linaunguza vibaya. Na usiingie chini ya gari lililosimamishwa na jeki peke yake. Jeki inateleza. Weka stendi imara, au mwachie mwenye vifaa.

4. TAFUTA SAUTI INATOKA WAPI

Hapa mzee alichukua bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha kwenye injini, kwenye mpini akaweka sikio. Unasikia kama daktari. Akapita kwenye kava la juu la valvu, kwenye altaneta, kwenye ubavu wa injini, na kwenye kava la mbele ambalo cheni imo ndani yake. Akaniita na mimi nisikilize. Sehemu nyingine injini inavuma tu. Kwenye kava la cheni, chakachaka ile ile ya asubuhi, wazi kabisa.

Ukitaka kujaribu, kusanya mtandio, kanga na nywele kwanza. Mkanda wa nje wa injini ukishika nguo haukuulizi. Kama huna uhakika, simama pembeni umwombe fundi afanye mbele yako. Kumwomba fundi akuonyeshe si dharau.

Kuna jaribio jingine la mkanda wa nje. Fundi anautoa, anawasha injini kwa sekunde chache tu. Kelele ikiisha, tatizo liko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda, kama altaneta, pampu ya maji au puli. Lazima ziwe sekunde chache, kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukiachia muda mrefu injini inachemka, unakuwa umetafuta ugonjwa ukaleta mwingine.

5. JARIBIO LA KUNOKI

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri roho mkononi. IST yangu kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Mzee akachomoa soketi ya koili ya kwanza, injini ikaanza kutetemeka maana silinda moja haichomi. Akasikiliza sekunde chache, akairudisha. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Maana yake ni hii: kama beringi ya pistoni fulani imekwisha, ukizima silinda yake ule mgongo mzito unapungua au unabadilika, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Kwangu silinda zote nne hazikubadilisha chochote. Chakachaka palepale.

Halafu akamwaga oili kidogo kwenye kifuniko cheupe, akakipeleka juani. "Angalia kama inametameta." Oili ya injini inayokula beringi inakuwa na chengachenga za chuma, kama rangi ya kucha ya kung'aa. Yangu ilikuwa nyeusi kama lami, chafu, aibu tupu, lakini haimetimeti.

"Mwanangu, hujanoki. Cheni imelegea. Lakini ungeendelea hivi mpaka Krismasi, ungenoki kweli."

Nilikaa kwenye tairi la pale gereji. Sikulia, ila kidogo tu.

6. MATENGENEZO NA GHARAMA

Cheni iliyolegea si ya kuacha. Ikiruka meno, kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni, na hapo ndipo unapokwenda kununua injini kweli. Ukibadilisha, badilisha seti: cheni, kikaza chake, na zile reli za plastiki inapopita. Kuweka cheni mpya kwenye kikaza kilichochoka ni kurudi gereji baada ya muda mfupi. Na fundi awe anajua kupanga alama za taimingi, mwulize kabla hajafungua.

Hiki hapa nilicholipa, wenzangu mjue:

Oili ya kuongezea lita moja: 15,000
Klempu mbili: 6,000
Seti ya cheni kutoka Dar: 165,000
Kusafirisha kwa basi: 5,000
Gundi ya kufungia kava: 8,000
Oili mpya lita 4 na filta: 68,000
Ufundi: 80,000

Jumla 347,000. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini linganisha na 1,700,000 nilizoambiwa, tena ufundi juu. Na kama ningenunua injini, ningeichukua ya mtumba ambayo sijui historia yake, halafu ningeiendesha bila kupima oili vilevile.

Jambo moja la oili. Kuna mtu alinishauri niweke oili nzito ili kelele izibe. Usifanye hivyo. Oili nzito kupita inayotakiwa inachelewa kupanda asubuhi, na asubuhi ndipo cheni inapoihitaji. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha oili. Kuficha kelele ni kama kufuta meseji za mteja anayedai mzigo wake. Deni lipo.

7. UPANDE WA BIASHARA

Gari lilikaa gereji siku nne kusubiri spea. Nilikuwa na oda 14 mkononi. Nilifanya hivi:

Oda nilizokuwa nimezibeba siku hiyo nilizigawa kwa bodaboda palepale Ruangwa, nauli nikalipa mimi. Faida ya siku iliisha yote.

Waliokuwa wanasubiri mzigo wa Kariakoo niliwaandikia ukweli mapema, kabla hawajauliza: "Gari limeharibika, mzigo wako nitautuma kwa basi, utachelewa siku tatu. Ukitaka pesa yako narudisha leo." Mmoja tu alitaka arudishiwe. Nilimrudishia 35,000 ndani ya dakika kumi. Mwezi wa kwanza alirudi, akaagiza mashuka mawili.

Sasa fikiria kama ningechukua zile 640,000 nikanunulia injini. Mzigo nisingeagiza, wateja wangeanza kupiga simu, mimi ningeanza kutozipokea. Mnajua mji mdogo. Ruangwa wangeniita tapeli ndani ya wiki moja, na Nachingwea wangesikia kesho yake. Gari lingekuwa zima, wa kumpelekea mzigo hayupo. Kwa hiyo tangu siku ile advansi za wateja nimezihamishia laini nyingine kabisa. Sizichanganyi na hela yangu hata ya vocha.

Na kosa langu la mwanzo niliseme, maana lilikuwa langu. Oili nilitakiwa kubadilisha kila kilomita 5,000, nilikuwa nimepitisha zaidi ya 9,000. Kila nikipata pesa naona bora niongeze mzigo dukani. Nilikuwa na daftari la madeni ya wateja, la gari sina. Niliona gari ni chombo cha kuleta faida, nikasahau kwamba na lenyewe ni mtaji.

Siku hizi kila safari ya Ruangwa natoa 5,000 naweka pembeni kabla sijahesabu faida. Safari mbili kwa wiki ni 10,000. Kwa mizunguko yangu kilomita 5,000 zinafika kama miezi minne, kwa hiyo inapofika siku ya kumwaga oili nina kama 160,000. Natoa 68,000, inayobaki inasubiri tairi au breki. Hiyo 5,000 niliiongeza kidogo kidogo kwenye gharama ya kupeleka mzigo, hakuna mteja aliyelalamika.

Na kila Jumatano asubuhi, kabla ya kupakia, navuta kijiti. Dakika tano.

KWA KIFUPI

Gari likianza kugonga: pima oili kwanza. Rekodi sauti ya baridi na ya moto. Angalia vibati vya bomba. Mwombe fundi atafute sauti inatoka wapi, na ajaribu silinda moja moja. Taa ya oili ikiwaka au mgongo ukiwa mzito wa chini, zima na uvute. Fundi akikwambia ununue injini, mwulize kwa upole swali la yule mzee: umepima nini?

Kama una mwenzako mwenye gari la zamani la kupelekea mzigo, mtumie hii. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti uvute kijiti. Njoo uniambie umekuta nini.